Mwavi wa Kijiti

Kila gari la abiria linapopinduka mteremkoni, na kila roli la mahindi linapoacha njia baina ya Sumbawanga na Namanyere, hapakosi mtu mwenye elimu, mwenye sauti na mwenye nia njema, asimamaye barazani akasema kwamba dawa ya mambo haya imekwisha kupatikana, nayo ni kijiti chenye sifongo kiwekwacho kinywani mwa mfanyakazi, kikanyonya mate yake kwa dakika chache, kikatiwa katika kichupa, na kabla chai haijapoa kikatoa habari kuwa huyu ametumia bangi, yule ametumia heroini, na wa tatu ni msafi. Rai hii imeenea hata imekuwa kama itikadi. Nimeisikia kwa matajiri wa magari, nimeisikia kwa wenye mashine za kukoboa, na nimeisikia kwa watumishi wa ofisi hapa hapa Namanyere, makao makuu ya wilaya ya Nkasi. Na wote huisema kwa yakini ya mtu asemaye kuwa jua huchomoza mashariki.

Mimi naipinga. Siwatetei walevi, wala sidai kwamba mtu aliyekwisha kuvuta bangi anastahili kukabidhiwa usukani wa basi lenye roho sitini ndani yake. Naipinga kwa kuwa naona dhahiri kwamba kipimo hiki, kwa namna kitakavyotumiwa katika mji kama huu wetu, kitawatoa watu kazini kwa tuhuma iliyovishwa joho la ushahidi, na wakati huo huo kitawaacha barabarani wale hasa tunaowaogopa.

Insafu yataka nianze kwa hoja iliyo bora kuliko zote upande wa pili. Wanaokisifu kijiti husema kwamba kipimo cha mkojo kina fedheha: mtu mzima, baba wa watoto, husindikizwa chooni na kusimamiwa ili asibadilishe alichopewa kujaza, tena mkojo husimulia habari za kale, kwa maana mvutaji wa siku nyingi huweza kukutwa na mabaki ya bangi majuma kadhaa baada ya kuacha, ilhali mate husema habari za jana na leo. Hoja hii ni ya kweli, nayo imekwisha kupita mbele ya waamuzi wa kazi. Huko Australia, mwaka 2008, kampuni ya mafuta ya Shell iliposhindana na chama cha wafanyakazi, uamuzi ulielekea kwenye mate kwa sababu mkojo huchungulia maisha ya mtu nje ya saa za kazi. Na mwaka 2012, katika shauri la kampuni ya umeme ya Endeavour Energy, baraza la Fair Work lilishika njia ile ile. Nakubali, basi, kwamba mwajiri aliyelazimika kuchagua baina ya mkojo na mate atakuwa na murua zaidi akichagua mate. Lakini sisi Namanyere hatujalazimika kuchagua baina ya hayo mawili, na jambo lililo afadhali kuliko baya haliwi jema kwa sababu hiyo peke yake.

Na tukitazame chombo chenyewe, maana wengi wanaokisifu hawajakishika. Mpimwaji hutakiwa akae angalau dakika kumi asile, asinywe wala asivute kitu. Kisha sifongo hukaa kinywani mpaka ilowe. Kisha majimaji hutambaa juu ya utepe uliopakwa kemikali, na mistari ya rangi huanza kutokea. Hapa ndipo penye mtego ambao sijasikia hata mmoja wa wanaokisifu akiutaja. Watu wetu wamezoea vitepe vya malaria, vya ujauzito na vya UKIMWI, ambavyo mstari wa pili ukitokea maana yake ni kwamba kitu kimo. Utepe wa dawa za kulevya huenda kinyume: mstari ukitokea, hata ukiwa hafifu kama unywele, mtu ni salama, ukikosekana ndipo hushukiwa. Mpe chombo hicho msimamizi wa gereji aliyeamka saa tisa za usiku, mwenye kurunzi mkononi na orodha ya madereva saba wanaongoja kuondoka, nawe umwulize kama macho yake yatatofautisha baina ya mstari hafifu na pasipo mstari. Riziki ya nyumba nzima itaning'inia juu ya uzi huo wa rangi.

Tuseme macho yake ni mazuri na mwanga unatosha. Je, kijiti kimemwambia nini? Watu hudhani kuwa mate ni kioo cha damu, na damu ni kioo cha ubongo. Sivyo ilivyo kwa dawa zote. Kilevi cha bangi hakipiti kwa wingi kutoka damuni kwenda katika mate. Kinachoonekana kinywani aghalabu ni masazo ya moshi uliopita hapo, yakiwa yamegandamana na ngozi ya ndani ya mashavu. Kwa hiyo wingi wake katika mate haupimi ulevi: aliyevuta jana jioni akalala akaamka mzima aweza kukutwa nacho, na aliyekila katika chakula, akapata ulevi mkali zaidi, aweza kuwa na mate yasiyosema neno. Dawa za usingizi za jamii ya Valium ndizo zinazomsinziza dereva kuliko nyingine nyingi, nazo huingia katika mate kwa uchache mno, hata vipimo vya kinywa huzikosa mara nyingi. Mirungi, ambayo kila dereva wa safari ndefu anajua inauzwa wapi, haimo katika vitepe vingi vinavyouzwa duniani, kwa kuwa vilitungwa kwa ajili ya nchi ambazo watu wake hawatafuni mirungi. Nitakuwa mwongo nisipokiri kwamba heroini yaonekana vyema katika mate, pengine kuliko katika mkojo. Walakini ajali zetu za huku Ufipa, ni ngapi zilizoletwa na heroini?

Waulizeni wenyeji ni kitu gani kinachowalewesha watu wa mikoa hii, watajibu bila kufikiri: ni pombe. Ni pombe ya ulezi iliyokwisha kukomaa, ni gongo, na zamani kidogo ilikuwa viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali ambavyo serikali ilivipiga marufuku tangu Machi 2017. Kijiti cha dawa za kulevya hakijui pombe, isipokuwa kimeongezewa utepe wake maalumu. Na chombo kinachojua pombe tunacho tayari, nacho ni kile cha kupulizia pumzi, ambacho askari wa usalama barabarani hukitumia na ambacho kipimo chake chaenda sambamba na ulevi wenyewe. Kisha nyuma ya pombe wako jamaa wawili wasiopimika kwa mate wala kwa pumzi: uchovu wa mtu anayeendesha mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam mpaka Sumbawanga, na ubovu wa breki katika miteremko ya kushukia Ziwa Tanganyika, kule Kirando na Kipili, ambako maroli hupanda na samaki na kushuka na mahindi. Tajiri atakayenunua kijiti na kuacha kununua breki atakuwa amejinunulia utulivu wa moyo wake mwenyewe, na abiria atakuwa pale pale alipokuwa.

Sasa nije kwenye hesabu, ambayo ndiyo iliyonigeuza mimi mwenyewe, maana zamani nilikuwa wa rai ile ile ninayoipinga leo. Chukua wafanyakazi 1,000, na ujaalie kwamba 20 kati yao wanatumia dawa za kulevya. Ujaalie pia kwamba umepata kipimo chema, kinachowakamata 18 katika hao 20, na kinachokosea kwa watu 5 tu katika kila 100 wasiotumia kitu. Mfanyabiashara ataridhika, atasema amenunua chombo sahihi. Lakini wasiotumia ni 980, na watano katika kila mia yao ni 49. Basi siku ya kupima watatoka mbele watu 67 wenye alama ya shaka, na 49 kati yao, yaani karibu robo tatu, ni watu ambao hawajagusa chochote. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Mwanafunzi wa darasa la saba aweza kuifanya kwa penseli. Kadiri watumiaji walivyo wachache katika watu wanaopimwa, ndivyo wasio na hatia wanavyozidi kuwa wengi katika watu wanaokamatwa. Na Namanyere, kwa rehema ya Mungu, watumiaji ni wachache.

Tena mambo haya yamekwisha kutokea. Jimbo la Victoria huko Australia lilipoanza kuwapima mate madereva barabarani, Desemba 2004, mbele ya waandishi wa habari na kamera zao, mmoja wa madereva wa kwanza kupimwa alitangazwa kuwa ametumia dawa. Maabara ilipolitazama jambo kwa makini ikamtoa katika tuhuma, wakati uso wake umekwisha kutembezwa nchi nzima. Watafiti wa Ulaya waliovijaribu vyombo vya aina hiyo katika uchunguzi ulioitwa ROSITA-2, baina ya 2003 na 2005, walimaliza kazi yao bila kupata hata kimoja cha kukipendekeza kwa matumizi ya barabarani. Vyombo vya leo ni bora kuliko vya wakati ule, nami sitaki kuviwekea dhambi za babu zao. Lakini tazameni wenye navyo wanavyoviamini. Marekani, kwa kanuni iliyotoka Mei 2023, iliruhusu mate yatumike katika kuwapima madereva wa maroli na watumishi wengine wa uchukuzi; na wapenzi wa kijiti husoma sehemu hiyo ya habari kisha wakafunga karatasi. Wangaliendelea, wangalisoma kwamba kanuni hiyo hairuhusu matokeo ya papo kwa papo: mate hugawanywa mafungu mawili, fungu la kwanza hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa, fungu la pili huhifadhiwa ili mfanyakazi akidai lipimwe na maabara nyingine kabisa, na kabla mwajiri hajaambiwa neno, daktari aliyefunzwa kazi hiyo humpigia simu mfanyakazi kumwuliza ni dawa gani za hospitali anazotumia. Yaani huko, kwa kanuni hiyo, kijiti peke yake hakimfukuzi mtu. Je, kwetu kitapewa mamlaka ambayo wenyewe walikinyima?

Maana hapa kwetu fungu la pili litakwenda wapi? Maabara yenye neno la mwisho katika mambo haya ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Kutoka Namanyere mpaka Sumbawanga ni takriban kilomita 100. Kutoka Sumbawanga mpaka Tunduma ni kilomita 223. Na Mbeya bado iko mbele. Nani atakayeyabeba mate ya utingo wa Kirando safari yote hiyo, katika chombo cha baridi, yakiwa na lakiri isiyovunjwa na karatasi inayoonyesha kila mkono yaliyopitia? Na nani atakayemlipa huyo utingo ujira wake wakati majibu yanangojwa? Najua kitakachofanyika, nanyi mnajua: mstari umekosekana, kijana amekosa kazi, na gari limeondoka na utingo mwingine.

Ufipa ina sababu ya pekee ya kuliogopa jambo hili, kwa kuwa si mara ya kwanza kinywa cha mtu kufanywa mahakama katika nchi hii. Wazee wetu, kama watu wengi wa kusini magharibi ya Tanganyika, waliujua mwavi, ile sumu aliyonyweshwa mtuhumiwa wa uchawi: akitapika ni safi, asipotapika akafa, basi kifo chenyewe kilikuwa hukumu. Watawala wa kikoloni waliupiga marufuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Uhuru, wakapita vijijini watu wa Kamchape, ambao habari zao ziliandikwa na mwanazuoni Roy Willis, wakiwakusanya wanakijiji pamoja na kudai kwamba kwa dawa zao watawafichua wachawi na kuusafisha mji mzima. Katika Bara Hindi la kale mtuhumiwa alipewa punje za mchele atafune kisha ateme, na akizitema zikiwa kavu ole wake. Kiapo kama hicho kina maarifa kidogo ndani yake, maana hofu hukausha kinywa. Lakini humkausha mwizi na humkausha pia mnyonge anayemwogopa kadhi. Nami nimesoma katika maelekezo ya vijiti hivi kwamba mate yakiwa machache kipimo hakitimii. Mtu aliyeingiwa na fadhaa, na mgonjwa anayetumia dawa zinazokausha kinywa, atasimama mbele ya tajiri wake akiwa na sifongo kavu. Na tajiri, asiyejua tabia ya hofu, ataona kuwa anaficha kitu.

Sisemi kwamba kemia na uchawi ni jambo moja. Kemia ni elimu, na iheshimiwe. Ninachosema ni kwamba chombo cha elimu kikiondolewa katika mikono ya wenye elimu, kikatengwa na maabara yake, na daktari wake, na haki ya kukata rufani, kinachobaki mkononi mwa msimamizi ni umbo la mwavi: watu wote wapangwe mstari, kila mmoja afungue kinywa, na anayekataa ahesabiwe kuwa amekwisha kukiri.

Huambiwa hapo kwamba asiye na hatia haogopi. Nawaomba wanaosema hivyo wamfikirie mama mpishi wa shule aliyepewa vidonge vya maumivu vyenye kodeini, ambayo ni ya ukoo wa afyuni, na ambayo kipimo cha awali cha jamii hiyo huweza kuishitukia. Wamfikirie kijana aliyeacha heroini, anayekunywa methadoni kwa utaratibu uliofunguliwa Muhimbili mwaka 2011 na kufika mpaka Mbeya, ambaye kazi ni sehemu ya kupona kwake; kijiti chaweza kumfichua mbele ya wenzake, na siri aliyomwambia daktari itakuwa mazungumzo ya stendi. Wakumbuke pia kwamba kutumia dawa za kulevya ni kosa la jinai katika nchi yetu, kwa Sheria ya mwaka 2015, hata mwajiri anayepima anakuwa nusu askari bila kuapishwa.

Na sheria nyingine hazikunyamaza. Katiba, katika ibara ya 13, yakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika, na katika ibara ya 16 yalinda faragha ya nafsi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ya kumwachisha mtu kazi ni ya haki na utaratibu ulikuwa wa haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Katika suala la UKIMWI, ambalo lilitutisha kuliko bangi, tulikataa tangu sheria ya mwaka 2008 kwamba mtu alazimishwe kupimwa, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Na hata leo anayejipima kwa majimaji ya kinywa huambiwa kwamba kipimo hicho hakitoshi, aende kituo cha afya athibitishwe. Kwa nini insafu tuliyompa mgonjwa tumnyime mbeba magunia?

Mzazi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulipuuza. Alisema: Mwalimu, mwanangu anapanda basi kwenda shule ya bweni, ungekuwa wewe, usingetaka dereva apimwe? Nilimjibu, nami najibu tena hapa, kwamba ningetaka dereva apimwe pumzi kabla hajawasha gari, ningetaka daftari la saa zake za kulala na za kuendesha, ningetaka asimame mbele ya mtu anayemjua, atazamwe macho, mwendo na maneno, na akionekana hayuko sawa azuiwe siku hiyo, iwe ni bangi, ni homa, au ni mtoto wake aliyekesha akiumwa. Abiria huuawa na dereva asiyeweza kuendesha, vyovyote alivyofikia hali hiyo. Kanuni za utendaji za Shirika la Kazi Duniani zilizotolewa mwaka 1996 ziliyatazama matatizo ya pombe na dawa kazini kama matatizo ya afya, na mwenye tatizo la afya hupelekwa hospitali kwanza.

Kama wako waajiri wenye kazi za hatari isiyo ya kawaida, katika migodi au katika baruti, wakaona hawana budi kutumia mate, wasinunue kijiti kabla hawajakubaliana kwa maandishi na chama cha wafanyakazi mambo haya: apimwe mtu aliyeonekana na dalili au aliyehusika na ajali, asipimwe kila mtu kwa kubahatisha, mate yagawanywe mafungu mawili, mtu asiachishwe kazi wala kukatwa ujira mpaka Mkemia Mkuu ajibu, majibu yapite kwa daktari kabla ya kumfikia mwajiri, na anayekutwa na tatizo kwa mara ya kwanza apewe matibabu na nafasi ya kurudi. Nawe mfanyakazi wa Nkasi uliyekwisha kuachishwa kazi kwa kijiti peke yake, fahamu kwamba una siku 30 za kulifikisha shauri lako mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwamba mbele ya Tume hiyo ni juu ya mwajiri wako kuthibitisha. Usiziache siku hizo zipite.